Tone la Mia na Ishirini na Nane

Saa kumi na moja na nusu alfajiri bekari imeshapamba moto. Trei za mikate ya kwanza zinatoka, za pili zinaingia, na yeyote anayepita karibu na mdomo wa tanuri anapungua uzito bila kupenda. Katikati ya joto hilo, kwenye benchi la kukandia unga, mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye miwani ameketi akitazama maji yakidondoka.

Mfuko wa maji umetundikwa kwenye msumari wa aproni. Kila sekunde tone moja linashuka, linapita mbele ya kitaa kidogo chekundu, linaangukia ndoo. Mezani kuna vibao viwili vya namba, kila kimoja kimefungwa kwenye chipu isiyofikia ukucha wa kidole cha mwisho. Kibao cha kushoto ni cha chipu ya zamani, cha kulia ni cha chipu mpya. Vyote vinahesabu matone yale yale.

Mia na ishirini na tano. Mia na ishirini na sita. Mwanamke anashika ukingo wa benchi. Mia na ishirini na saba.

Mia na ishirini na nane, vinasema vibao vyote viwili, na safari inaendelea.

“Bado,” anasema, akivua miwani kuifuta jasho. “Ya zamani ikipona, hatujajifunza kitu. Ninachosubiri ni ife.”

Si kila siku mtu huamka alfajiri kuiombea kifo kazi aliyoifanya mwaka mzima. Lakini mwanamke huyu, ambaye ofisini, nyumbani na mtaani huitwa Fundi Mkasi, ana sababu zake, na sababu hizo zilianzia kwenye nyaya nane alizozichora kwa mkono wake.

Hiyo ndiyo kazi yake: anachora nyaya za ndani ya chipu. Mainjinia hubuni chipu ifanye nini. Yeye huketi mbele ya kompyuta na kupanga kila kipande kikae wapi, na njia ya waya itoke wapi iende wapi. Nyaya zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani, ukilazwa juu yake, ungefunika nyaya mia moja na bado ungebaki. Mamamkwe wake huwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe anachora barabara za siafu, na hajakosea sana.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha nguo. Alipanga mikono, kola na mifuko ya mashati juu ya jora la kitambaa, akibana kila kipande kwenye ubavu wa mwenzake ili pasipotee hata upana wa kidole. Wenzake wa zamani wanaapa kwamba Fundi Mkasi akikata mashati mia, kinachobaki hakitoshi kumfutia mtoto pua. Wengine huongeza kwamba mwaka mmoja alikata mashati mia na tatu kutoka kitambaa cha mashati mia, na kwamba meneja alihesabu mara nne, akaenda kulala.

Mshahara wa kiwandani ulitosha kodi ya vyumba viwili na chakula cha siku kumi na nane. “Siku zilizobaki,” anasema, “zilikuwa zinajitegemea.”

Kiwanda kilipofungwa, alikaa mwaka mzima nyumbani akishona kola zilizochakaa za watu wa mtaani. Kisha akaona tangazo: ofisi ndogo ya kubuni chipu ilitaka mtu mwenye jicho la kupanga maumbo. Walikwenda watu kumi na mmoja, wengi wao na vyeti vyao kwenye bahasha. Mwenye ofisi aliwapa vipande vya karatasi na sanduku, akawaambia waviingize vyote. Mmoja mwenye shahada mbili alitumia saa nzima, akabakiwa na vipande vitatu mkononi. Fundi Mkasi alitumia dakika kumi na nane, akauliza kama kuna vingine.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Sasa anapata mara mbili na nusu ya alichokuwa akipata kiwandani, na mwezi wake una siku zote thelathini.

Mwenye ofisi ni injinia mrefu mwembamba ambaye wafanyakazi wake wanne humwita Mapigo, kwa sababu hawezi kuzungumza dakika mbili bila kutaja saa. Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Chumba cha kompyuta kina mashine ya kupoza hewa isiyojua mzaha. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja alipiga chafya humo Jumatatu, na chafya ikasikika Jumatano, jua lilipoingia dirishani na kuiyeyusha. Sakafuni hutandazwa karatasi kubwa ya mchoro, meta nne kwa nne, na kila mtu huvua viatu na kutembea juu yake kwa soksi, akifuata waya kwa kidole gumba cha mguu. Mapigo anasema jicho hudanganyika kwenye kioo cha kompyuta, lakini mguu ukipotea njia unajua.

Mwaka jana ofisi ilipata kazi kubwa kuliko zote: chipu ya kuhesabu matone ya dripu hospitalini. Wodi iliyokusudiwa ina vitanda thelathini na viwili na wauguzi wawili kwa zamu. Wauguzi hao huhesabu matone kwa macho, saa ya mkononi ikiwa mbele ya pua, kitanda kimoja baada ya kingine. Chipu ingewahesabia, na kuandika idadi pembeni ya kila kitanda.

Fundi Mkasi alichora, kiwanda cha mbali kikachapa, chipu zikarudi zikiwa zimefungwa kama pipi. Ofisini zilihesabu wiki mbili bila kukosea tone. Watu walipigana mabega kwa kupongezana. Yeye mwenyewe alikuwa ameshachapisha picha ya sehemu moja ya mchoro, nyaya nane zilizolala sambamba, zimenyooka kama nywele zilizochanwa, akaibandika ukutani nyumbani karibu na picha ya harusi.

Sista mkuu wa wodi alikubali kuijaribu, lakini si kwa mgonjwa. Alitundika mifuko ya maji matupu kwenye kona ya wodi, akaweka ndoo chini, akaacha mashine ihesabu kwa wiki moja. Siku ya nane alipanda mwenyewe ngazi za ghorofa tatu, daftari mkononi.

Mara nne katika wiki, alisema, namba ilifika mia na ishirini na saba, kisha badala ya kusonga mbele ikarudi sifuri.

“Namba ikirudi sifuri, mwenzangu anayeingia zamu atadhani mgonjwa hajapata kitu,” aliwaambia. “Atamwongezea. Mimi nina wauguzi wanaochoka, sitaki na mashine inayosahau.”

Hakupandisha sauti. Alikunywa maji, akashuka ngazi. Aliacha daftari mezani, na ndani yake saa na dakika za kila kosa zimeandikwa kwa mwandiko uliosimama wima.

Kwa siku kumi na moja ofisi ililitafuta kosa hilo bila kuliona. Walidondosha maji hadi mwenye duka la vioo akapanda kuuliza kama bomba limepasuka. Chipu ikahesabu kila tone kwa adabu, kama mtoto mtundu mbele ya mgeni.

Ni Mapigo aliyegundua kwamba ofisi yenyewe ilikuwa inawadanganya. Wodi ni ya joto na ofisi ni ya baridi, na chipu ikipata joto huwa nzito kama mtu yeyote. Akazima mashine ya kupoza hewa, akafunga madirisha. Kufikia saa nane mchana wafanyakazi walikuwa wamelowa kama waliovuliwa kutoka kisimani. Saa nane na dakika kumi, chipu ikafika mia na ishirini na saba, ikarudi sifuri.

Ukurasa wa mchoro ukatandazwa sakafuni. Walifuata njia ya namba kwa soksi, na vidole vyote vya miguu vikaishia mahali pamoja: kwenye zile nyaya nane nzuri.

Namba ndani ya chipu husafiri kwa nyaya hizo, kutoka kipande kinachohesabu kwenda kipande kinachokumbuka. Kila waya huwa juu au chini. Kutoka namba moja kwenda nyingine, kwa kawaida waya mmoja au nyaya mbili hubadilika. Lakini kutoka mia na ishirini na saba kwenda mia na ishirini na nane, zote nane hubadilika kwa mpigo: saba hushuka, mmoja peke yake, ule wa nane, hupanda.

Fundi Mkasi hulieleza hivi, akichora hewani kwa kidole: “Chukua ngazi nyembamba. Watu saba wanateremka, kila mmoja na godoro. Wewe mmoja unapanda na trei ya chai. Hakuna anayekuchukia, lakini utafika lini?”

Nyaya hazigusani. Zikilala karibu sana kwa safari ndefu, hata hivyo, husikiana kupitia pengo, na kila mmoja humvuta jirani yake kwenda unakokwenda wenyewe. Waya ule wa nane Fundi Mkasi aliuweka katikati ya zile nyingine kwa sababu hapo ndipo ulipokaa vizuri. Ulivutwa kutoka pande zote mbili. Na chipu haimsubiri mtu: ina mapigo yake, na pigo likilia, kipande kinachokumbuka hufunga mlango na kuandika kilichopo. Ukigawanya sekunde moja mafungu milioni mia, fungu moja ndilo muda uliokuwa nao waya wa nane. Wakati wa baridi uliwahi mlango ukiwa unafungwa. Wakati wa joto uliukuta umefungwa, na nyaya saba zilikuwa zimeshasema sifuri.

Mapigo aliungama mbele ya wote kwamba ukaguzi wake ulikuwa umepima kila waya kana kwamba majirani wamelala. Hakumlaumu mchoraji. Fundi Mkasi anasema hilo lilimuuma kuliko kutukanwa.

“Mtu akikufokea unapata la kumjibu,” anasema. “Yeye aliniletea kiti.”

Nyumbani aliibandua ile picha ukutani. Palibaki alama nyeupe, na mamamkwe wake, ambaye haachi kitu kipite, akauliza kama kuna aliyefariki.

Zilibaki siku kumi na nne za kutuma mchoro mpya. Kiwanda cha mbali huchapa kazi za ofisi nyingi kwenye sahani moja nyembamba ya kuchapia chipu, na kila ofisi hununua kiwanja chake humo kama watu wanaogawana shamba. Kiwanja chao kilishapimwa na hakiongezeki hata unywele. Sahani hiyo huondoka mara mbili kwa mwaka. Wakiikosa, au wakirudia kosa, hospitali ingempa kazi mtu mwingine, na Mapigo alishawaeleza wote, kwa sauti ya kusoma hali ya hewa, kwamba hapo ofisi ingefunga mlango.

Dawa ilijulikana. Nyaya zitengane, na katikati ya kila mbili upite waya mwingine uliofungwa chini, usiopanda wala kushuka, unaokatiza kelele. Ofisini wanauita waya bubu. Lakini nyaya bubu saba zinahitaji nafasi, na nafasi ndiyo kitu ambacho mkata vitambaa hajawahi kuacha. Ile sifa yake yote, ya kubana na kubana, sasa ilikuwa imesimama mlangoni imekunja mikono.

Kwa siku nane alisukuma vipande huku na kule. Akiupa waya wa nane nafasi, kipande kingine kinatoka nje ya kiwanja. Akikirudisha, nyaya zinabanana upya. Kompyuta ya ukaguzi, safari hii majirani wakiwa macho, ilimrudishia mistari myekundu asubuhi na jioni. Siku ya tisa alimwambia mumewe, ambaye ndiye mwenye bekari, kwamba kola zilizochakaa mtaani bado zipo na yeye bado ana sindano.

Mumewe ni mtu wa maneno machache na mikate migumu kidogo. Majirani husema mkate wake wa juzi ukianguka mezani, paka wa nyumba tatu hukimbia. Alimjibu kwamba unga ukikataa kuumuka hauachwi kwa hasira, unafunikwa na kusubiriwa, kisha akampa mifuko mitupu ya unga, ile ya karatasi ngumu, aende akakate anavyojua.

Jumapili mchana Fundi Mkasi alikaa sebuleni, mkasi mkononi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikata vipande vyote vya chipu kwa karatasi ya mifuko, akavipanga juu ya mkeka. Kwa nyaya nane alitumia nyuzi za kushonea. Mamamkwe alivuta kiti, kwa kisingizio cha kuchambua mchele.

Kipande kinachokumbuka kilikuwa na mlango wake upande wa mbali. Nyuzi nane zilitoka kwenye kipande cha kuhesabu, zikakizunguka chote, kama foleni inayozunguka jengo kutafuta mlango wa nyuma. Bibi alitazama kwa muda, akaweka ungo chini, akainama, akakigeuza kile kipande kichwa chini. Mlango ukaja mbele.

“Hapana, mama, hicho hakigeuzwi,” Fundi Mkasi alimwambia, akakirudisha.

“Kwa nini, mwanangu? Kina miguu?”

Alifungua mdomo kujibu. Anasema jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na alipolisikia mwenyewe akalimeza: maua yangekuwa kichwa chini.

Kwani kitambaa cha maua, kila mkataji anajua, hakigeuzwi. Ukigeuza mkono wa shati ili ubane nafasi, mvaaji atatoka na maua ya upande mmoja yakitazama juu na ya upande wa pili yakitazama chini, na wewe utatoka kiwandani moja kwa moja. Kwa miaka kumi na minane hakugeuza kipande. Alipoingia ofisi ya chipu, hakuna aliyemwambia ageuze na hakuna aliyemkataza. Kwa miaka tisa akapanga chipu sita, zote zikiwa na vipande vilivyosimama wima, kulinda maua ambayo hayakuwapo.

Jumatatu alifika kabla ya wote. Mapigo alipoingia, alimuuliza kabla hajavua viatu kama kipande kinaruhusiwa kugeuzwa.

“Robo mzunguko mwiko, kiwanda hawakubali,” Mapigo alijibu. “Nusu mzunguko ruksa. Tangu siku ya kwanza.”

“Na hukuniambia?”

“Fundi, miaka tisa nakuona hugeuzi. Nilidhani una siri yako ya kazi. Nikaogopa kuuliza, nisionekane sijui.”

Walitazamana. Mhasibu wa ofisi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anasema kicheko kilichofuata kilitikisa duka la vioo huko chini, na kwamba kioo kimoja kilipasuka kwa furaha. Mwenye duka anakanusha. Anasema vilikuwa viwili.

Kipande kiligeuzwa. Nyaya nane zilizokuwa zikizunguka jengo zima zikavuka kiwambaza kimoja tu, zikabaki na urefu wa moja ya tano. Njia ya zamani ikabaki wazi, vipande viwili vikasogea humo, na pengo lililopatikana likazimeza nyaya bubu zote saba. Waya wa nane aliutoa katikati, akauweka pembeni, “kama bwana harusi,” anasema, “asisukumwe.”

Kompyuta ya ukaguzi ilitoa mstari mwekundu mmoja tu, na ulikuwa wa kuudhi. Safari hii namba ilikuwa inafika mapema mno, kabla kipande kinachokumbuka hakijamaliza kuishika namba ya nyuma. Katika chipu kuwahi nako ni kosa. Mapigo alilieleza kwa lugha ambayo hata mhasibu aliielewa: jana mgeni alikuta mlango umefungwa, leo amefika wenyeji hawajafagia. Wakaongeza vituo viwili vidogo njiani, mahali pa ishara kuvuta pumzi. Mstari mwekundu ukatoweka.

Mchoro uliondoka siku ya kumi na nne, saa tisa na nusu alasiri, saa moja na nusu kabla ya kiwanda kufunga mapokezi. Hawakushangilia. Walishangilia safari ile ya kwanza, na kila mmoja aliikumbuka. Fundi Mkasi alivaa viatu akaenda nyumbani kwa miguu.

Kilichofuata ni wiki kumi na tatu za kungoja, ambazo mamamkwe hakuzipoteza. Wiki ya kwanza mtaani ilisikika kwamba bibi alimsaidia mke wa mwanawe kazini. Wiki ya nne alikuwa ameitengeneza chipu yeye mwenyewe, kwa mkasi na uzi. Kufikia wiki ya tisa, kuna mtu aliyekuja na redio mbovu kumtafuta bibi. Akaipokea, akaigeuza kichwa chini, akamwambia arudi kesho. Inasemekana ilipona. Fundi Mkasi anasema betri zilikuwa zimekaa vibaya.

Na hivyo ndivyo tulivyofika bekari. Chipu mpya ziliwasili jana mchana. Ofisi haina chombo cha kupasha joto, na kurudia ile adhabu ya madirisha hakuna aliyetaka. Kwenye benchi la mumewe, hatua tatu kutoka mdomo wa tanuri, kipimajoto kinasoma arobaini na tatu. Wodi, hata siku mbaya, haifiki hapo.

“Nimeshaoka kila kitu humu,” anasema mumewe, akipita na trei. “Chipu ndiyo mara ya kwanza. Zikiungua usiniulize mimi.”

Mapigo yupo pia, kwenye kiti cha plastiki, saa mkononi, shati limemganda mgongoni. Kila baada ya matone mia mbili na hamsini anavirudisha vibao sifuri, na mzunguko unaanza upya. Wa pili unapita, wa tatu, wa nne. Vibao vyote viwili vinavuka mia na ishirini na nane bila kukwama. Mzunguko wa sita, Fundi Mkasi anaanza kutafuna ukucha. Anasema polepole kwamba labda kosa halikuwa hapo kamwe, labda wamegeuza dunia nzima kwa ajili ya kitu kingine.

Mzunguko wa saba. Mia na ishirini na sita. Mia na ishirini na saba.

Kibao cha kushoto: sifuri.

Kibao cha kulia: mia na ishirini na nane.

Tone jingine linashuka. Kushoto: moja. Kulia: mia na ishirini na tisa. Fundi Mkasi anainama mpaka miwani inakaribia kugusa kibao, kana kwamba namba inaweza kubadili mawazo ikimwona anatazama pembeni. Mapigo ameacha kutazama saa. Mumewe amesimama katikati ya bekari na trei mkononi, na nyuma yake mikate ishirini na minne inaanza kutoa harufu ambayo mikate haipaswi kutoa.

Wanaendelea hadi saa tatu asubuhi, mizunguko arobaini na saba. Chipu ya zamani imeanguka mara tisa. Mpya haijaanguka hata mara moja. Mapigo anaandika matokeo nyuma ya karatasi ya unga, anayasoma kwa sauti, anayasoma tena, kisha anampigia simu Sista na kumwambia kwa kifupi kwamba haisahau tena. Sista anauliza wamejaribu mahali penye joto gani. Anapoambiwa, anacheka, halafu anauliza kama kuna mkate.

Mikate ishirini na minne iliyoungua inaliwa na wote waliopo, bila malalamiko. Wanaojua mambo wanasema haikuwa na tofauti kubwa.

Chipu mia tano zitaagizwa mwezi huu, kwa wodi hiyo na nyingine tatu, na Mapigo amesema ofisi itahitaji wachoraji wengine wawili. Fundi Mkasi tayari anao. Ni wenzake wawili wa meza ya kukatia, mmoja anauza vitafunio shuleni, mwingine anashona mapazia. Alikwenda kuwaona juzi, kabla hata chipu hazijarudi, jambo ambalo Mapigo hakujua hadi asubuhi hii.

“Nimewaambia waje na mikasi yao na tabia zao zote,” anasema. “Tutakaa siku mbili za kwanza tukiulizana maswali ya kijinga tu. Mimi nimekaa na langu miaka tisa. Limekaribia kufunga ofisi.”

Lakini kabla ya hao kuja, ana safari moja. Mashine ya kwanza itafungwa kwenye kitanda halisi, kwa mgonjwa halisi, Jumanne ijayo, na amemwomba Sista ruhusa ya kuwapo. Sista amekubali, kwa masharti mawili: avae viatu visivyo na kelele, na asiwaeleze wagonjwa habari za nyaya.

“Sitasema kitu,” anasema, akifunga vibao vyake kwenye kitambaa. “Nitakaa kwenye kiti pale pembeni, nitahesabu kimoyomoyo mpaka mia na thelathini. Halafu nitamwambia mgonjwa ugua pole, nitakwenda zangu nyumbani kupika.”